Je, Kuiba Katika Mchezo ni Wizi?

Huko Marekani watoto hucheza mchezo uitwao besiboli, nao una neno la kushangaza: kuiba kituo. Mchezaji aliyesimama katika kituo cha kwanza hutoka mbio kwenda cha pili, asingoje mwenzake apige mpira. Hapo mdakaji hana budi kuutupa mpira upesi, ili mkimbiaji aguswe kabla hajafika. Je, yafaa kumsifu mtoto kwa kuiba?

Tusidanganywe na jina. Mwizi huchukua mali ya mtu asiyekubali. Hapa pande zote mbili zimekubali sheria moja kabla ya kuanza, na mkimbiaji hukimbia mbele ya macho ya wote. Akiguswa, hutoka. Sisi wa Lubumbashi, mji wa Mazembe iliyoanzishwa na Wabenedikto mwaka 1939, twajua jambo kama hilo katika mpira wa miguu. Mshambuliaji huvizia karibu na walinzi. Ikiwa hajawatangulia wakati mpira unapopigwa, hakuotea, wala hana kosa.

Na mlinzi je? Haki yake ni kukesha: kutazama, kutupa upesi, kushika mahali pake. Kumkwaza mkimbiaji si haki yake. Tena kwa watoto wa Little League, ambao vituo vyao vimeachana mita 18 hivi badala ya 27 za wakubwa, mkimbiaji hawezi kutoka kabla mpira haujamfikia mpigaji. Twaona maana yake: mkono wa mtoto ni dhaifu, na sheria njema humpa aliye dhaifu nafasi ya kujilinda.

Basi wizi wa kweli u wapi? U katika karatasi. Mzazi au mkufunzi hupunguza miaka ya kijana ili acheze na wadogo. Huyo mkubwa humnyang'anya mdogo mahali pake, na mdogo hawezi kujilinda, maana haoni aliyeibiwa. Jambo hili lilienea hata mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 huko Nigeria, FIFA ikaanza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine. Ni aibu kwamba mfupa wa mtoto waulizwa neno ambalo mtu mzima alikataa kulisema.

Wengine husema: «Twamsaidia kijana apate maisha.» La! Wamfundisha kusema uongo juu ya siku aliyozaliwa, na uongo huo atautunza miaka yote.

Kwa hiyo, wazazi na wakufunzi, tuwafundishe watoto kukimbia kwa akili na kulinda kwa macho. Bali karatasi ya kuzaliwa isiguswe. Aliyeshindwa kwa haki atarudi uwanjani kesho. Aliyeshinda kwa miaka ya uongo ataogopa kila amwulizaye umri wake.