Gari Lisilo Dereva, na Nani wa Kuulizwa?

Baadhi ya ndugu zetu wametutaka tuseme neno juu ya magari yanayokwenda yenyewe, pasina mtu kushika usukani. Magari hayo hayajafika Mombasa, lakini khabari zake zimefika; kwani huko Abu Dhabi, ambako jamaa zetu wamekwenda kutafuta riziki, yalianza kubeba abiria katika kisiwa cha Yas mwaka 2021.

Madereva wetu wana maneno mawili. Wako wasemao: "Chombo hicho hakitapita Kibokoni, hamali na mkokoteni wake, tuktuk, na mtoto atokaye chuoni mbio, wote watakishinda." Na wako wasemao: "Heri chombo kisichosinzia wala kutafuna miraa." Na hawa wa pili hawakusema uwongo, mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na walioshika usukani walikuwa ni binadamu. Basi kulikataa gari hilo kwa ugeni wake tu si hoja.

Lakini liko swali ambalo pande zote mbili wameliacha: gari likiua, ni nani wa kujibu?

Mwezi wa Machi mwaka 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, huko Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimwua mwanamke aliyekuwa akivuka njia usiku na baiskeli yake. Wachunguzi wa serikali walipata kuwa gari lilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla ya kumgonga, lakini halikumtambua. Kwani walioliandikia amri zake hawakuhesabu kuwa mtu huweza kuvuka mahali pasipo alama. Na mwangalizi aliyewekwa ndani alikuwa akitazama simu. Mwisho wake, mwaka 2023, mwangalizi huyo ndiye aliyehukumiwa. Kampuni haikushitakiwa kwa jinai.

Nasi hapa, ewe msomaji, huvuka alama wangapi?

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi walikwisha kupima jambo lililo karibu na hili. Mnyama akiharibu mali, aliye pamoja naye, awe amempanda au anamwongoza, ndiye alipaye. Na mnyama aliyeachwa usiku akala shamba la mtu, mwenyewe hulipa, kwa kuwa ilimpasa kumfunga. Hawakusema, "Mnyama hana akili, basi hapana wa kuulizwa." Walimtafuta mtu ambaye uangalizi ulikuwa mikononi mwake.

Kwa kipimo hicho, gari lisilo dereva si gari lisilo mwenyewe. Aliyeliunda, aliyeliandikia amri, aliyelitia njiani kwa faida yake, na mkubwa aliyetoa ruhusa, kila mmoja ana fungu lake kwa kadiri ya alichokishika. Wala si uadilifu mtu wa mshahara mdogo, aliyewekwa kutazama tu, abebeshwe peke yake mzigo wa wale waliofaidi.

Basi siku chombo hicho kitakaposhushwa Kilindini, tusikifukuze wala tusikipigie vigelegele. Tuwaulize kwanza wakubwa wetu: sheria imemtaja nani? Ikiwa haikumtaja mtu, na kingoje bandarini mpaka atajwe. Usukani waweza kung'olewa garini. Kuulizwa juu ya roho ya mtu hakung'oleki.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.