Mgeni Anayelipa

Msafiri anayeketi katika mgahawa wa Njoro, hapa Moshi, akaagiza mtori, atalipa na kuondoka bila kudaiwa na mtu. Hapo ndipo penye swali. Mila za mlimani, Biblia na Hadithi za Mtume zote zinamwona mgeni kuwa mtu mwenye haki juu ya mwenyeji wake. Je, ukarimu unaolipiwa bado ni ukarimu, au ni biashara iliyovaa kanzu? Wengi hujibu upesi kwamba fedha ikiingia, ukarimu hutoka, na mtori wenyewe unaonekana kuwatolea ushahidi. Kwa Wachaga hicho ni chakula cha mzazi: ndizi na nyama hupikwa mpaka zikalainika, zikapondwa, akalishwa mwanamke aliyejifungua na ndugu wanaojua kwamba kumlisha ni wajibu wao. Ukishaandikwa kwenye orodha ya bei, jirani na chipsi, wajibu ule umekwenda wapi?

Hata hivyo, nadhani fedha inasingiziwa. Waitalia walitunga sheria mwaka 1985 kuhusu kile wanachokiita agriturismo: mkulima anaruhusiwa kupokea wageni shambani kwake na kuwapikia kwa malipo, hasa kwa mazao ya shamba hilo. Msafiri wa kaskazini mwa Italia akiandaliwa polenta, ambayo ni ugali wa mahindi kwa jina lingine, anaweza kuwa anakula kilichopikiwa pia watoto wa nyumba hiyo. Materuni, juu ya Moshi, mambo hayako mbali na hayo: mgeni hulipia ziara, hutwanga kahawa pamoja na wenyeji, kisha huandaliwa chakula cha mchana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Na asije mtu akaniambia kwamba uhalisi uko kwenye asili ya mmea. Ndizi zilitoka Asia, mahindi na nyanya vilitoka Amerika, na hakuna Mchaga wala Mwitalia anayejiona mgeni mbele ya sahani yake. Kipimo changu ni kingine: aliyepika na aliyebeba, wao wamekula nini?

Kipimo hicho kinauma zaidi tukipanda juu. Katika safari za Kilimanjaro, mpandaji huketi kwenye hema la kulia akaletewa supu, tambi na matunda. Wapagazi, wanaoitwa wagumu, hula ugali wao kando. Ugali si tusi. Tusi ni kwamba shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project limelazimika kuweka milo mitatu kwa siku kuwa sharti la kampuni kuhesabiwa inawatendea haki wapagazi. Paulo alisikia jambo la namna hii kuhusu kanisa la Korintho. Waumini walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini wengine walitangulia kula mpaka wakalewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa. Aliwaandikia waziwazi kwamba walichokuwa wakikila hakikuwa chakula cha Bwana. Meza ilikuwapo na maneno bila shaka yalisemwa. Kilichoibatilisha ni njaa ya aliyekaa pembeni.

Nitapingwa kutoka nyumbani kwetu kwenyewe. Mchaga akichinja, nyama haigawanywi sawa: mjomba ana fungu lake, mzee lake, mke lake. Kama tofauti ya sahani ni dhambi, basi mila yetu nzima ina hatia. Lakini mafungu hayo yanatoka kwa mnyama mmoja, na kila mwenye fungu ana nafasi inayotambulika. Kijana wa leo ndiye mzee atakayekatiwa kesho. Mpagazi hana kesho ya namna hiyo ndani ya hema lile. Vivyo hivyo, Mwislamu anayekataa mbege, pombe yetu ya ndizi, hajavunja ushirika, maana aliyekataa ni yeye, hakunyimwa.

Pingamizi la kibiashara ni gumu zaidi. Mwenye mgahawa atauliza kama anatakiwa kumkalisha mpishi karibu na mteja, na akifanya hivyo atafunga duka lini. Mtume, katika Hadithi, aliwataka wenye watumishi wawalishe kile wanachokula wao. Lakini ipo Hadithi nyingine inayojua udhaifu wetu: mtumishi akikuletea chakula, usipomketisha pamoja nawe, basi mpe walau tonge moja au mawili, kwa kuwa ndiye aliyevumilia joto la kukipika. Sharti hilo halimfilisi mtu. Mgahawa ambao wapishi wake hula kutoka sufuria ileile ya mtori, hata kama ni jikoni na baada ya wateja, umelitimiza. Msafiri naye hahitaji falsafa kubwa ili ajue alikoketi. Anaweza kumuuliza anayemhudumia kama ameshakula, na amekula nini.