Mpira wa Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, nampeleka mpwa wangu kwenye uwanja wa kikapu. Ana miaka 15. Yeye husimama kwenye mstari wa mitupo huru, mimi nasimama chini ya ringi kumrudishia mpira. Kumi, ishirini, thelathini. Mwezi uliopita alifunga 19 kati ya 20, akanigeukia anacheka: "Mjomba, umeona?" Niliona. Kesho yake kwenye mechi alipata mitupo minne, asifunge hata mmoja.

Kwenye daladala alinyamaza mpaka tulipokaribia kushuka. Ndipo akauliza, "Sasa mbona mazoezini naingiza?"

Nilimsimulia habari za Nick Anderson. Ilikuwa tarehe 7 Juni 1995, mechi ya kwanza ya fainali za NBA. Orlando Magic wako nyumbani, wanawaongoza Houston Rockets 110 kwa 107, zimebaki sekunde kumi na ushei. Anderson akachezewa faulo. Mtupo mmoja tu ungetosha kuituliza Orlando nzima. Akakosa wa kwanza, akakosa wa pili. Mpira ukarudi, akauwahi mwenyewe, akachezewa faulo tena, akaenda mstarini na kukosa miwili mingine. Kenny Smith wa Houston akafunga wa pointi tatu, ikawa sare. Dakika za nyongeza zikaisha 120 kwa 118, Houston wameshinda, na baadaye wakatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya fainali hizo.

Kinachonisumbua mimi ni yaliyofuata. Msimu ule Anderson alikuwa akifunga mitupo huru 70 hivi katika kila 100. Msimu wa 1996–97 akashuka hadi 40. Mstari haukusogezwa wala ringi haikupandishwa.

Nimechagua mtupo huru kwa makusudi. Mitupo mingine ina visingizio vyake. Desemba 2020 Stephen Curry alifunga mitupo 105 mfululizo ya pointi tatu mazoezini, lakini katika msimu wake mkubwa wa 2015–16, alipofunga 402, kwenye mechi alikuwa akiingiza 45 kati ya 100. Mechini kuna mkono wa mtu usoni kwako, kuna kusukumwa, kuna saa ya kushambulia inayokwisha. Kwenye mtupo huru hayo yote hayapo. Ringi iko mita 3.05 juu, kama ilivyo mazoezini. Hakuna anayeruhusiwa kukugusa. Watu wote wamesimama wanakungoja wewe, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwulize mama anayesukuma chapati tangu utotoni jinsi anavyouzungusha mkono wake. Akishaanza kuutazama ule mkono, chapati inatoka na pembe. Mrushaji naye ni hivyo hivyo. Mazoezini mkono hujiendea. Mbele ya watu anaanza kuuchunga: kiwiko kiko wapi, kidole gani kiachie mwisho. Anarudi kuwa mwanafunzi wakati anapotakiwa kuwa fundi. Na miguu, ambayo ndiyo hasa inayourusha mpira, imeshachoka kwa kukimbia, kwa hiyo mpira unafia mbele ya ringi.

Lakini hata maelezo hayo hayakunitosha. Nilirudi kufikiria zile 19 kati ya 20, na aibu ikanishika, maana mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha ile mipira. Ule mmoja aliokosa ulikuwa wa kwanza. Nikaanza kufuatilia, na Jumamosi baada ya Jumamosi nikaona jambo lile lile: mpira wa kwanza unagonga chuma, wa pili unakaribia, kuanzia wa tatu nyavu zinaimba. Kila mpira unaurekebisha unaofuata. Mechini hakuna wa tatu. Unapewa miwili, mapigo ya moyo yako juu, halafu huenda usirudi pale mstarini kwa robo saa. Binti huyu hakuwa amebadilika kati ya Jumamosi na Jumapili. Tulikuwa tumempima kwa mipira ambayo mchezo haumpi mtu.

Mimi mwenyewe nilikwisha kulipa gharama ya kosa hilo, ila sikulitambua. Baba yetu alipofariki nilipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Usiku wa kuamkia mazishi niliusoma chumbani mara sita, na mara ya sita niliusoma kama mtangazaji wa redio. Asubuhi, mbele ya jeneza, nikafika mahali palipoandikwa mwaka waliofunga ndoa. Nikainua macho, nikamwona mama ameketi mkekani ananitazama. Herufi zikapotea. Mdogo wangu alikuja taratibu, akaichukua karatasi mkononi mwangu na kuimalizia. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusoma karatasi. Ya kuisoma mama akinitazama sikuyafanya, na sijui kama yapo.

Ndiyo maana siku hizi nawaonea huruma zaidi watu wanaokosa mbele za watu: mwanafunzi anayeijua hesabu darasani na kuisahau siku ya mtihani, shahidi anayebabaika mahakamani. Tunasema haraka kwamba "hajajiandaa". Tunasahau uzito wa macho ya watu. Wilt Chamberlain, aliyefunga pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962, usiku ule aliingiza mitupo huru 28 kati ya 32 kwa kuirusha kutoka chini kwa mikono miwili, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Akaiacha mbinu ile kwa kuona haya kuonekana mlaini, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba alikosea. Jitu lile la zaidi ya mita mbili liliogopa macho ya watu kuliko kukosa!

Namhusudu zaidi Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee. Mwaka 2021, katika mechi za mtoano, mashabiki wa timu pinzani walikuwa wakimhesabia sekunde kwa sauti kila alipokwenda mstarini, maana sheria inatoa kumi tu. Katika mechi zote za mtoano mwaka ule hakufikisha hata mitupo 60 kati ya 100. Lakini hakuacha kuingia chini ya ringi kutafuta faulo, ingawa alijua zitampeleka pale pale anapozomewa. Tarehe 20 Julai, mechi iliyowapa Milwaukee ubingwa, alifunga 17 kati ya 19.

Tumebadili mazoezi. Sasa mpwa wangu anarusha miwili tu, kisha anakimbia uwanja mzima kwenda na kurudi, halafu miwili mingine. Watoto wa jirani nimewaruhusu wapige kelele watakavyo, na kazi hiyo wanaifanya kwa moyo wote. Daftarini naandika mpira wa kwanza peke yake. Mwanzoni alininunia, alizoea kurudi nyumbani na 19 zake.

Jumamosi iliyopita alikwenda mstarini mara kumi. Mpira wa kwanza uliingia mara sita. Mechi yao ni kesho, saa kumi jioni.