Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Wahenga walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika kisiwa kidogo kama Bwejuu, kule Mafia, ambako watu hujuana mpaka babu, neno hilo laweza kuwa hukumu. Baba akifungwa kwa wizi, mwanawe hutazamwa kwa shaka hata kabla hajagusa nazi ya mtu. Twauliza: je, ni haki?

Wako wanaodhani kwamba elimu ya urithi yawaunga mkono. Basi na tumsikilize bingwa wa elimu hiyo. Bwana Azim Surani alizaliwa Kisumu, Kenya, mwaka 1945, akafanya kazi yake Cambridge, Uingereza. Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha kwamba yai la panya lililotiwa urithi wa mama peke yake, au wa baba peke yake, halikui hata kuzaliwa. Jeni za baba na za mama huja zikiwa na alama mbalimbali, zinazoamuru ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Elimu ya alama hizo huitwa epijenetiki. Kweli, basi, wazazi hututia alama.

Lakini Bwana Surani hakuishia hapo. Kwa miaka mingi alizichunguza chembe zinazozaa mbegu za uzazi, na humo yaonekana kwamba alama nyingi za zamani hufutwa, kisha huandikwa upya kwa ajili ya kizazi kijacho. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Gairdner ya Kanada, pamoja na Davor Solter, aliyegundua jambo lile lile la alama za wazazi huko Marekani.

Hatusemi kwamba maabara yathibitisha Imani. Alama ya jeni si dhambi. Dhambi ni tendo la hiari, nalo halirithiwi kama rangi ya macho. Nabii Ezekieli alikwisha kufundisha, katika sura ya 18, kwamba kila mtu atahukumiwa kwa mwenendo wake mwenyewe.

Wala hatukani kwamba mfano mbaya wa nyumbani hudhuru. Ndiyo sababu hasa mtoto wa nyumba hiyo ahitaji mlango ulio wazi kuliko wengine. Tukimfukuza, sisi ndio tunaomfanya nyoka, kisha twaisifu methali.

Basi, ndugu msomaji, kijana wa namna hiyo akija kukuomba nafasi katika ngalawa yako, mpe kasia, umpime kwa kazi yake.