Mtoto Alale Wapi?

Waswahili tuna maneno kadhaa ya kumtaja mtu alalaye mahali ambapo si kwao, naye hata hivyo si mgeni wa mtu. Mvuvi wa Kojani anayefuata samaki miezi miwili mitatu, akajenga kibanda pwani ya watu wengine, yuko dago. Kijana aliyepelekwa porini kutahiriwa yuko kumbini. Mwanamwali aliyezuiwa asipigwe na jua yumo ndani, na neno hilo likishatajwa hakuna aulizaye ndani ya nini. Mwenye kunuia kukaa msikitini kumi la mwisho la Ramadhani yuko itikafu. Kisha kuna neno kambi, nalo sasa linayafunika yote hayo kama chano kilichofunikwa kawa moja.

Ukimwacha mvuvi, ambaye anatafuta riziki, hao wengine wana jambo moja linalowakutanisha: wameondolewa nyumbani ili warudi wakiwa watu wa nyumbani zaidi kuliko walivyokuwa. Hapo ndipo penye fumbo. Ikiwa nyumba ndiyo shina la malezi, kwa nini nyumba yenyewe imtoe mtoto, imkabidhi kwa watu wengine usiku na mchana, na itarajie kurejeshewa mtu aliye wake zaidi? Na je, ni haki kumfanyia mtoto jambo hilo, naye hajaulizwa?

Swali hili ningeweza kulitafakari hapa hapa visiwani. Lakini nalipeleka Dar es Salaam, Kariakoo na Jangwani, kwa sababu mitaa hiyo imelibeba katika majina yake. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, mahali ambapo Wajerumani walikusudia pawe soko paligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Watu wa mji wakalitafuna jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Kwa hiyo mamia kwa maelfu ya watu waendao kununua khanga na vitunguu hutaja kila siku jina la kambi ya vita. Ni kambi ambayo watu wake hawakurudi wote kwao, na wengine wakaja juu yao, mpaka mahema yakawa nyumba na ugenini ukawa uenyeji.

Ukitoka hapo kuelekea Magomeni, ardhi inashuka hadi bonde la Msimbazi. Huko ndiko Jangwani, jina la ajabu kwa mahali ambapo maji huingia majumbani bila ya kubisha hodi. Ila jangwa lina mahala pake katika mazungumzo haya. Kila mtoto aliyepita chuoni amesikia habari za Nabii Musa na Bani Israil waliotangatanga jangwani miaka arubaini. Wengi tulifundishwa kuwa ile ilikuwa adhabu, na ni kweli. Lakini Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, anaongeza hekima nyingine: kizazi kilichokulia katika unyonge wa Misri hakikuwa na moyo wa kuingia katika nchi kilichoahidiwa, basi miaka ile ilikuwa ni muda wa kizazi hicho kumalizika na kingine kuzaliwa chini ya mbingu tupu, kisichojua bwana wala kiboko. Kwa maneno mengine, jangwa lilikuwa kambi ya malezi, na malezi yale yaliwahitaji wazee wafe.

Msomaji asikunje uso nikiwafuata Mayahudi hatua moja zaidi. Sizungumzii siasa za Mashariki ya Kati; nazungumzia watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahamiaji wa Kiyahudi waliojazana katika vyumba vya New York walianza kuwapeleka watoto wao mashamba wakati wa kiangazi, shule zikifungwa. Kwanza ilikuwa ni kwa ajili ya hewa na maziwa. Kisha wakaona kuwa mtoto anaporudi si mashavu tu yaliyonenepa. Kambi ya Cejwin ilianza mwaka 1919. Massad ilianza 1941, na humo watoto waliozaliwa na Kiingereza walitakiwa waseme Kiebrania hata wanapogombania mpira. Ramah ilifunguliwa Wisconsin mwaka 1947. Miaka hiyo tuitazame vyema. Mayahudi milioni sita walikuwa wamekwisha kuuawa Ulaya, na miji ambayo ingewatoa walimu na wanazuoni wa kesho haikuwapo tena. Waliobaki Marekani walikuwa na watoto wenye afya njema na majina ya Kimarekani, ambao nyumbani waliiona dini kwa kipande: mshumaa huku, dua kule, Jumamosi iliyogawanywa baina ya Mungu na duka.

Kambini walipewa kitu kizima. Asubuhi sala, kisha ziwa, mtumbwi, mpira, kazi za mikono. Ukumbi wa kulia una jina la Kiebrania, na baada ya chakula watu huimba huku wakipiga meza kama wapigao msondo. Ijumaa jua likichwea mamia ya watoto huteremka wakiwa na nguo nyeupe, na Sabato inaingia kwa wote kwa pamoja, haina jirani wa kuicheka. Usiku wa Jumamosi huagwa kwa mshumaa uliosukwa na manukato yanayopitishwa mkono kwa mkono. Hata siku ya kuomboleza kubomolewa kwa hekalu, ambayo huangukia katikati ya kiangazi shule zikiwa zimefungwa, wengi wao huijua kwa sababu ya kambi: wamekaa chini, gizani, wakisomewa maombolezo. Jambo la miaka elfu mbili huwa limetokea juzi.

Ni malezi ya nguvu, na sijizuii kuyastahi. Lakini watoto hao wana msemo wao ambao unanitia wasiwasi: husema kuwa wanaishi miezi kumi kwa ajili ya miwili. Yaani nyumba ya baba na mama imekuwa kituo cha kungojea safari, na kambi ndiyo kwao. Aliyepelekwa ili awe mtu wa nyumbani amejifunza kuiona nyumba kuwa ni upungufu. Na pengine hakukosea, kwani ikiwa Ijumaa ya nyumbani ni televisheni, kumbukumbu ya Ijumaa ya kambini itamfanya nini isipokuwa kumsononesha?

Turudi Kariakoo, maana yote haya yalikuwako huko bila ya ziwa. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi mrefu kati na uwani nyuma, Mzaramo hupanga ukuta kwa ukuta na Mmatumbi, Mpogoro na Mngazija. Watoto wa uani husema Kiswahili, na Kizaramo hubaki lugha ya baba anapomjia bibi kutoka shamba. Mzee wa namna hiyo alikuwa akingoja likizo ndefu, kisha akampeleka mwanawe Kisarawe, Mkuranga au Rufiji, akaingia kumbini pamoja na watoto wa ndugu ambao hajapata kuwaona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliziandika desturi za jando la pwani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, zikachapishwa mwaka 1903. Anayesoma maelezo yake ataona kuwa jambo la kisu huchukua nafasi ndogo tu. Lililobaki ni usiku.

Usiku huo ulikuwa na nini? Ulikuwa na nyimbo. Mtoto alifundishwa wimbo ambao juu yake unazungumzia chungu, ndege au kisima, akauimba, kisha akaulizwa una maana gani. Akijibu kuwa ni habari ya kisima, huchekwa, na pengine hupigwa. Siku ya tatu au ya nne huanza kuelewa kuwa neno lina chini yake. Sisi tunaopenda mashairi tungelikumbuka jambo hili kila tunapolisifu fumbo la malenga wetu. Fumbo halikuanzia katika kitabu; liko watu waliolipata kwa fimbo, na kidonda kikiuma, katika lugha ambayo mjini hawakuisema. Mtoto wa Kariakoo alirudi ana maneno ya Kizaramo ya kumjibu bibi yake. Massad na kumbi hapo hazina tofauti kubwa.

Tofauti iko kwengine. Katika makabila mengi ya kusini, siku ya kutoka, kumbi huchomwa moto, na wari hukimbia na kuambiwa wasigeuke nyuma. Moto ule nauona ndiyo falsafa ya jambo zima. Walioijenga kambi walijua kuwa ni hatari ikisimama: mtoto angeitamani, au angeiogopa maisha yake yote. Kwa hiyo wakaiteketeza ili kila alichojifunza kiwe hakina pa kukaa isipokuwa nyumbani. Kambi ya Wisconsin husema, tutaonana mwakani. Kumbi husema, usirudi hapa, na ulichokipata kakitumie kwa mama yako.

Sitaki kuipamba. Wembe mmoja uliopita watoto kumi uliua, na wazee walijua. Mama aliyepika chakula cha mwanawe kila siku hakuruhusiwa kumwona, na kuna waliopika siku kadhaa kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuzikwa, wasiambiwe mpaka siku ya kutoka. Hakuna fumbo lililo tamu kiasi cha kulipia jambo hilo. Siri ya maana ya wimbo ni mali ya waliouhangaikia, na sioni dhambi wakiilinda. Siri ya nani alimpiga mtoto, au nini kimefanywa mwilini mwake, si siri ya jando, ni ya mkosaji. Kambi inayomwambia mtoto asimwambie mamake jambo kama hilo imepoteza haki yake usiku huo huo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuwafunda wasichana wa Unguja miaka isiyohesabika, alizipandisha ngoma za unyago jukwaani mbele ya wageni, na wapo waliomlaumu. Mimi simlaumu. Alionyesha kuwa ngoma inaweza kutoka nje na ikabaki na kitu chake.

Basi siku hizi mtoto wa Jangwani hutahiriwa hospitali, asubuhi, kwa ganzi, na mchana anakula wali kwa mama yake. Nafurahi kisu kimehamia huko. Lakini kisu kilichukua dakika chache, usiku ulichukua mwezi, nasi tulipokihamisha kisu tukautupa na usiku.

Dola nayo iliwahi kujaribu kuwa kungwi. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa Julai 1963, wataalamu kutoka Israel walisaidia kulipanga, kwa mfano wa makambi ya vijana wao. (Mjuzi wa ramani ya soko la Kariakoo lenyewe, Beda Amuli, alisomea usanifu majengo Haifa. Uhusiano na Israel ulivunjwa mwaka 1973, soko na jeshi vikabaki.) Kijana wa Kihaya na wa Kimakonde walilala hema moja, wakalima, wakaimba. Nyimbo hizo wengi wanazikumbuka mpaka leo kuliko mihadhara ya Chuo Kikuu. Ila Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa na kukatwa mshahara, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe. Naona pande zote mbili ziliona kweli nusu. Vijana waliona kuwa hawakuulizwa; Mwalimu aliona kuwa nyumba inayowasomesha ina haki ya kuwauliza. Ulazima ulisitishwa 1994, ukarejeshwa 2013.

Na kuna kambi isiyo na kungwi. Desemba 2011 mafuriko yaliwaua makumi ya watu Dar es Salaam, na wakaazi wa bondeni, Jangwani wakiwamo, wakapelekwa Mabwepande kwenye mahema. Watoto wao nao walilala mbali na kwao, wakaimba pia, kwani watoto huimba popote. Lakini hakuna aliyewaambia ni lini watatoka, na nyumba ya kurudi haikuwapo. Hapo hema ni hema tu.

Mwezi wa Machi 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa madarasa ya chini, mwisho la nne, ili wapate malezi ya wazazi wao. Kwa hiyo swali la kichwa cha makala haya limekwisha kujibiwa kwa waraka kwa hao wadogo. Waliobaki ni wale wa darasa la saba na kidato cha nne, ambao shule nyingi huwalaza madarasani wiki kadhaa kabla ya mtihani, magodoro chini, wazazi wakichangia unga na maharage. Huitwa makambi ya kitaaluma. Hufundishwa hesabu na Kiingereza mpaka usiku, kisha huambiwa walale, na taa zikizimwa hakuna mtu mzima anayebaki kuwauliza kisima ni nini.