DAMU YA NABOTHI MBELE ZA MUNGU

Masomo: 1 Wafalme 21, 2 Wafalme 9, Ezekieli 18



Wengi wetu tunaomba huku tukilia: Kwa nini mwovu anashiba, na mwenye haki anazikwa? Wengine wamenyang'anywa shamba la baba zao, wengine wamefungwa kwa ushahidi wa uongo. Tusiwanyamazishe ndugu hao. Tufungue Biblia pamoja nao.

Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka liwe bustani ya mboga, akaahidi shamba jingine zuri zaidi, au feza. Nabothi alikataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Haikuwa kiburi. Torati, katika Walawi 25, inasema nchi ni mali ya Mungu, isiuzwe kabisa.

Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Tuangalie vizuri, wapendwa. Watu walitangaziwa kufunga. Wazee waliketi. Mashahidi walikuwa wawili, kama Torati inavyotaka. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe. Mbele ya macho ya watu sheria ilitimizwa yote. Mbele za Mungu ilikuwa ni uuaji na wizi. Tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, Mungu anaona. Ahabu aliposhuka kulitwaa shamba, nabii Eliya alimkuta huko. Barua zilikuwa za siri, muhuri ulikuwa wa kweli, lakini Mungu alihesabu hata damu ya wana wa Nabothi (2 Wafalme 9:26).

Pili, Mungu hakawii kwa kusahau. Ahabu alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Mungu akaahirisha mabaya ya nyumba yake. Jambo hili linatuuma, kwa maana tunataka mwovu aanguke leo! Lakini Ezekieli 18 inafundisha kwamba Mungu hafurahii kufa kwake, bali anataka aiache njia yake aishi. Mlango huo tusiufunge, maana na sisi tuliingilia humo. Hata hivyo hukumu haikufutwa. Ahabu alijigeuza vitani asitambulikane, na mshale uliopigwa bila kumlenga ukampata. Mwana wake Yoramu alitupwa katika shamba lile la Nabothi. Yezebeli aliliwa na mbwa huko Yezreeli.

Tatu, kisasi si chetu. Yehu ndiye aliyetumwa kuipiga nyumba ya Ahabu. Lakini baadaye, katika Hosea 1:4, Mungu anaidai nyumba ya Yehu damu ya Yezreeli. Ikiwa aliyepakwa mafuta kwa kazi ile nyumba yake ilidaiwa damu, itakuwaje kwetu tunaoshika panga kwa hasira, au kwenda usiku kwa mchawi ili jirani apatwe na ugonjwa?

Mtu atauliza: Na Nabothi alipata nini? Shamba halikurudi mkononi mwake. Alikufa, na jina lake likiwa limechafuliwa. Ndugu, hapa ndipo imani inapopimwa. Kama kaburi ndilo mwisho, Nabothi alishindwa. Lakini Yesu amesema katika Yohana 5 kwamba wote walio makaburini wataisikia sauti yake na kutoka, wengine kwa uzima, wengine kwa hukumu. Kesi ya Nabothi haijafungwa. Atasimama tena, na safari hii hakuna shahidi wa uongo atakayesikilizwa.

Basi tusiishie kumhukumu Ahabu. Tujipime sisi. Wazee wa Yezreeli hawakutamani shamba. Walitii barua tu, na mtu akafa. Ukiitwa kushuhudia usiyoyaona, kataa, hata kama anayekuita ni mkubwa wako. Ukiwa mzee wa kijiji, usitie mkono wako kwenye karatasi inayomnyang'anya mjane. Ukiwa unalima shamba la mwenzako, rudisha kabla ya kuleta sadaka. Na wewe uliyenyang'anywa, lalamika mbele ya mabaraza bila woga, sema kweli, wala usiache kuomba. Nabothi hakukosa kwa kusema hapana.

Bwana awatie nguvu wanaoonewa, na awageuze waonevu wangali hai. Amina.