Haya na Aibu: Je, Ni Kitu Kimoja?



Mwezi wa kumi na mbili huku kwetu Marangu kila mtu anapanda mlimani. Magari yanajaa kutoka Moshi mjini, mbege inapikwa, ukoo unakutana. Lakini kila mwaka kuna kijana asiyerudi. Ukimpigia simu anakwambia, "Mangi, naona aibu, sina kitu." Hajaiba, hajamdhulumu mtu. Biashara imekwama tu. Sasa aibu ya nini?

Haya na aibu tunayachanganya kila siku. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, ila asili ya aibu ni kasoro, na ya haya ni staha. Ndiyo maana tunasema jambo fulani "ni aibu kwa familia", lakini hatusemi "ni haya kwa familia". Haya inakaa ndani ya mtu. Asiye nayo tunamwogopa.

Aristotle aliona kwamba haya inawafaa hasa vijana, kwa kuwa tunaongozwa sana na hisia na haya inatuzuia. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba haya si fadhila kamili, ila inastahili sifa, maana ni hofu ya kutenda lililo baya. Akaongeza kwamba tunaona haya zaidi mbele ya watu wa karibu. Basi hapo tunamwelewa yule kijana: jirani wa Dar hamsumbui, shangazi ndiye anayemsumbua.

Lakini hisia hii inaweza kudanganya. Mtakatifu Augustino, akisimulia jinsi alivyoiba mapeasi na wenzake akiwa na miaka 16, anakiri kwamba kati yao aliona aibu kwa kukosa kuwa mtundu kama wao! Kwa hiyo tujiulize: naona aibu kwa sababu nimekosa, au kwa sababu nimepungukiwa?

Kama ni dhambi, ipeleke kwenye kitubio. Mficha uchi hazai, na siri ya kitubio hailegezwi kamwe.

Kama ni umaskini, hiyo si dhambi. Yesu alilazwa horini, na wazazi wake walitoa sadaka ya maskini, ndege wawili. Rudi nyumbani, hata kwa miguu.

Na sisi tulio nyumbani, akifika tusimuulize, "Umeleta nini?" Tumkaribishe ale.

Tuombeane.